Karamu ya Kumzuia Daktari

Ukitaka kumjua Verna Haugland, hamia Kellum. Lori lako la mizigo halijazima injini, utamwona huyo anakuja na bakuli la viazi vya maziwa na jibini, kalifunika kwa kitambaa, mdomo unatangulia miguu. Atakuuliza umetoka wapi, una watoto wangapi, unasali wapi, na kabla hujamaliza kumjibu ameshakupa jina la fundi wa jiko la kuni na kukuonya kuhusu mbwa wa jirani. Wapo waliomwita mmbea. Mmbea kweli, sibishi. Lakini mji mzima ulikuwa unamtegemea, maana Kellum iko kaskazini kabisa mwa Idaho, imebanwa na misitu na milima, na mtu aliyesoma haji huku kwa bahati. Lazima aletwe, na mletaji alikuwa Verna.

Ilikuwepo kamati ya watu wa kujitolea, kazi yake kuwatafutia mji madaktari na walimu. Mwenye kuuza matrekta alikuwemo, mchungaji alikuwemo, lakini wale walikuwa wa kupamba meza tu. Aliyekuwa anapiga simu ni Verna. Aliyekuwa anamtembeza mgeni ziwani, akamlisha soseji ya nyama ya paa, akamtafutia nyumba yenye paa lisilovuja, ni yeye huyohuyo. Ndivyo alivyompata Roslyn Feder, daktari wa akina mama, akamtoa Philadelphia akamleta huku kwenye theluji ya kufika kiunoni. Watu walisema hatamaliza msimu wa baridi hata mmoja. Akakaa. Akazalisha mji mzima, mpaka ikawa ukienda kwenye mechi ya shule, nusu ya watoto uwanjani wamepita mikononi mwake.

Wakawa marafiki, wale wawili, wa kutaniana bila kukasirikiana.

"Wewe mwanamke viazi vyako vitaniua," Roslyn alikuwa akimwambia. "Mafuta yote haya, unanitafutia ugonjwa wa moyo?"

"Kula ufe umeshiba," Verna anamjibu. "Kwenu Philadelphia walikuwa wanakupa majani, ndiyo maana ulifika hapa kama ufito."

Kitu cha pili alichojivunia Verna ni binti yake Janelle. Huku kwetu kijana akienda chuo kikuu ndiyo ameenda, utamwona Krismasi na kwenye misiba. Janelle alirudi. Alisomea ufamasia, akaolewa na Trent, mhandisi wa barabara, mtoto wa mjini asiyejua hata kupasua kuni, akamburuta mpaka Kellum. Akafanya kazi kwenye duka la dawa pale mtaa mkuu, na Verna akawa hawezi kununua hata dawa ya kikohozi bila kumtangazia kila aliyesimama foleni kwamba yule mwenye koti jeupe ni wake.

Sasa kabla sijafika mbali, lipo jambo ambalo watu wachache mno walikuwa wanalijua. Mimba ya kwanza ya Janelle iliharibika. Chupa ilipasuka mapema sana, mtoto bado mdogo hawezi kuishi nje, na maambukizi yakaingia kwenye damu ya mama. Moyo wa mtoto ulikuwa bado unapiga. Roslyn hakungoja. Aliwaita Verna na Trent pembeni akawaambia wazi, tukiitoa mimba sasa Janelle atapona, tukingoja huenda tukawazika wote wawili. Akaitoa, na Janelle akapona. Kanisani Verna alisema mtoto alifia tumboni. Akina mama wakalia naye, wakamletea vyakula, na yeye akavipokea. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Hiyo ilikuwa kabla ya sheria. Sheria ilipokuja, daktari anayetoa mimba akawa anakabiliwa na kifungo, isipokuwa kama mama yuko hatarini kufa. Wengi Kellum waliipigia makofi. Verna naye alipiga, kusema kweli, kwa sababu kwa akili yake sheria ile ilikuwa inawahusu watu wengine, wasichana wa miji mikubwa wasio na adabu. Na mmoja wa walioipitisha alikuwa Delbert, mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja, mbunge wa wilaya yetu katika bunge la jimbo kule Boise. Atapingaje kitu cha Del?

Mwaka haukupita, Roslyn akaanza kukonda. Siku moja alikaa jikoni kwa Verna, kahawa imepoa mbele yake, akasema, "Verna, mimi naondoka."

"Likizo?"

"Naondoka kabisa. Wanasheria wa hospitali wananiambia ningoje mpaka mama awe anakufa. Nikawauliza, awe anakufa kiasi gani? Nusu? Robo tatu? Hawana jibu. Akiletwa mwingine kama Janelle, nifanyeje? Nisimame pale nimtazame mpaka aanze kuzimika, au nimtibu niende jela? Nina umri wa kwenda jela mimi?"

Verna alicheka kidogo kwa woga. "Nani atakufunga wewe? Mkuu wa polisi umemzalishia mapacha."

"Mapacha hawatakaa kizimbani badala yangu," Roslyn alisema, na hakucheka.

Janelle alipopata habari, hakupepesa macho. Alikuwa na mimba nyingine, changa bado, aliyoisubiri kwa maombi na machozi. Alimwambia mama yake bila kuzunguka, "Roz akiondoka, na sisi tunaondoka. Tunahamia Spokane, upande wa pili wa mpaka, jimbo la Washington. Sizai hapa bila yeye."

Tangu siku hiyo Verna hakulala usingizi wa maana. Kumzuia Roslyn kulikuwa ni kumzuia Janelle na mjukuu ambaye hajazaliwa. Hakuwa na jambo jingine kichwani.

Na njia ilikuwepo. Mwaka ule ulipelekwa muswada mdogo Boise, wa kumruhusu daktari amtibu mama kabla hali haijawa ya kufa na kupona. Ungesikilizwa kwenye kamati, na Del alikuwa ndani ya kamati hiyo. Roslyn alisema kama muswada ule ungepita, angebaki. Alimwomba Verna kitu kimoja tu katika urafiki wao wote.

"Nikienda mimi watasema daktari anatetea ugali wake. Na siruhusiwi kumtaja mgonjwa. Nataka mtu mmoja wa hapahapa, aliyezaliwa hapa, mwenye jina la hapa, aende asimame aseme yaliyomkuta."

"Nitaenda mimi," Janelle alisema palepale. "Ni tumbo langu. Nitasema."

Ah! Hapo ndipo Verna alipofanya la kwao Haugland. Ile familia, na si wao peke yao, huku kwetu wengi tuko hivyo, haina ugonjwa wa kugombana. Ina ugonjwa wa kunong'ona. Jambo zito halisemwi mbele za watu, linapelekwa jikoni, linakatiwa pai, linamalizwa na ndugu wawili kimyakimya. Kusimama mbele ya kipaza sauti ukataja tumbo la mwanao na kumuumbua ndugu yako mwenyewe, kwa Verna ilikuwa ni kuvuliwa nguo sokoni. Halafu kanisani je? Wale akina mama waliolia naye?

"Usiende," alimwambia Janelle. "Una mimba, safari ndefu, na utamwaibisha mjomba wako mbele ya wenzake. Niachie mimi niongee na Del. Mimi ndiye niliyemlea yule, nilimfuta kamasi. Akinikatalia mimi, atamkubalia nani?"

"Mama, hili si la kuongea na mjomba jikoni."

"Janelle, nakuomba. Nakuomba kwa jina la marehemu baba yako."

Utamjibu nini mama anayekuomba hivyo? Janelle aliinamisha kichwa, akakubali.

Del alikuja Jumapili. Verna alimkatia pai ya matunda ya porini, kipande cha kumshibisha mpasua kuni, akamsimulia jambo ambalo hata yeye Del alikuwa halijui, kwamba moyo wa yule mtoto ulikuwa unapiga. Del aliweka uma chini. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, lakini machozi yalimlengalenga, maana Janelle alikuwa kipenzi chake.

"Kwa nini hukuniambia, dada?"

"Nakwambia sasa. Upigie kura muswada huo, Del. Nisaidie."

Del alitazama dirishani. "Unajua hali ilivyo kule. Nikijitokeza peke yangu, uchaguzi ujao wataniletea mpinzani wa chama changu mwenyewe, anitafune mzima mzima. Lakini nimekusikia. Nitaona la kufanya."

"Nitaona la kufanya," alisema. Msomaji unazijua ahadi za namna hiyo. Verna naye alizijua, alikuwa mwanamke mwenye akili timamu. Lakini alipompigia Janelle alisema, "Mjomba amekubali." Alitia chumvi kwa mapenzi, akajiaminisha, na kufikia kesho yake alikuwa hakumbuki tena kwamba maneno hayakuwa hayo.

Akarudi kwenye kazi anayoiweza, kulisha watu. Kama Roslyn anaondoka, basi ni kwa sababu hajaonyeshwa jinsi anavyopendwa, hivyo ndivyo Verna alivyojiambia, na mji mzima ukamwitikia. Loo, mji wetu una huruma bwana, usiuseme vibaya! Wanaume walipanda juu ya nyumba ya daktari wakambadilishia paa bila kuulizwa. Mtu akamletea kuni za msimu mzima, zimepasuliwa, zimepangwa. Watoto wa shule walimchorea picha. Yakachapishwa mabango ya kuweka bustanini, yameandikwa KELLUM YAMPENDA DAKTARI ROZ, na kila nyumba ikachomeka lake. Ilikuwa karibu na uchaguzi, kwa hiyo bustani zilikuwa tayari na mabango ya Del na ya chama chake. Wengine, kwa kuona ardhi ni ngumu kwa baridi, walibandika mabango yote mawili kwenye kijiti kimoja. Roslyn alikuwa akienda kazini asubuhi anayasoma yote, mtaa mzima, jina lake na jina la mtu aliyepitisha kifungo chake, ubavu kwa ubavu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona ajabu. Mimi pia nilichomeka, niseme uongo wa nini?

Kisha Verna akaandaa karamu, kila nyumba ije na chakula chake, kwenye ukumbi wa zimamoto. Ukumbi ulikuwa na nafasi Alhamisi moja tu. Alhamisi hiyohiyo ndiyo muswada ulikuwa unasikilizwa Boise. Verna aliona ni heri tupu, kwamba habari njema itawakuta wote wamekusanyika.

Waliondoa magari ya zimamoto wakayaegesha nje, wakapanga meza. Chakula kilikuwa cha kumwaga. Mchungaji aliomba dua ya kumshukuru Mungu kwa mikono ya Daktari Roslyn. Mzee mmoja mwenye kofia pana ya wachunga ng'ombe alisimama akasema daktari akithubutu kuondoka atalala barabarani mbele ya gari lake, na watu wakacheka mpaka wakapiga meza. Roslyn alikuwa anatabasamu. Alimwinamia Verna akamwuliza kwa sauti ya chini, "Janelle yuko pale anakula maharage. Kule Boise amekwenda nani?"

"Usijali," Verna alisema. "Hilo nimelimaliza."

"Umelimalizaje?"

"Nimeongea na Del."

Roslyn alichukua uma akaendelea kula kile ambacho alikuwa hakitamani tena. Tabasamu lilibaki usoni kwa ajili ya wageni.

Simu ya Del ilikuja watu wanahamia kwenye keki. Verna alitoka nayo nje, akasimama kati ya magari mekundu ya zimamoto, kidole sikio moja, simu sikio la pili.

"Umeanguka, dada," Del alisema. "Haukufika hata kwenye kura."

"Lakini uliniambia..."

"Nilikuwa nimejiandaa! Haki ya Mungu nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka mtu wa kwetu aseme, halafu mimi nisimame niseme, hawa ni watu wangu, siwezi kuwageuka. Nisingekuwa peke yangu. Mwenyekiti akauliza, kuna yeyote wa kaskazini anayetaka kuzungumza? Nikageuka nyuma, Verna. Nikatazama viti vyote. Nilidhani utakuwa umemtuma Janelle, au umekuja mwenyewe. Hakuna mtu. Akauliza mara ya pili. Kimya. Ningesema nini? Ningesema niliambiwa na dada yangu jikoni?"

Ndani watu walikuwa wameanza kumwimbia daktari, sauti nene za wanaume na makofi. Verna alitaka kumlaani Del, na laana ikamrudia mwenyewe kabla haijatoka mdomoni.

Aliporudi ndani hakuhitaji kusema kitu. Roslyn alimtazama usoni mara moja akajua. Janelle pia alijua, akasukuma kiti, akaja moja kwa moja.

"Mjomba alikubali au hakukubali? Mama, nitazame. Alisema neno hilo, 'nimekubali'?"

"Alisema ataona la kufanya."

"Ataona." Janelle alishika tumbo lake kwa mikono miwili. "Mimi nilikuwa tayari kusema. Nilikuwa na kila neno kichwani. Wewe ndiye uliyenifunga mdomo, mama. Na mimi nilivyo mjinga nikafungwa."

Alisema kwa utaratibu, bila kupiga kelele, na hilo ndilo lililomkata Verna maini.

Roslyn aliondoka kabla ya theluji ya kwanza, nyumba yake ina paa jipya. Wanaume walewale walioezeka paa hilo walikuja kumpakilia mizigo, wamenuna, wanasema hawaelewi kabisa, sisi tumemkosea nini huyu mama? Yule mwenye kofia ya wachunga ng'ombe hakulala barabarani. Alishika mguu wa kochi akalia kama mtoto. Mwezi huo Del alishinda uchaguzi kwa kura za kufurika, na za watu hao zilikuwemo. Hospitali ikafunga wodi ya wazazi, kwa sababu wodi bila daktari ni vitanda tu. Mwalimu wa fizikia, ambaye mke wake alikuwa anatarajia, naye akafunga virago. Mfamasia mwingine aliyeahidi kuja kuchukua nafasi ya Janelle akasema amebadili mawazo.

Janelle na Trent walipakia gari lao siku ya mvua. Verna alifika mikono mitupu, maana aliogopa akileta chakula mwanawe atakikataa. Alisaidia kufunga vyombo kwenye magazeti. Mwishoni alikusanya nguvu akauliza, "Krismasi mtakuja?"

"Hapana, mama. Nikiwa na mimba siuvuki ule mpaka. Trent amenikataza, na hata asingenikataza, naogopa. Chupa ikipasuka nikiwa huku, nitapelekwa wapi?"

"Akishazaliwa, basi."

"Akishazaliwa tutaona."

Alimkumbatia mama yake, akamkumbatia vizuri, kwa mikono yote. Kisha akapanda gari. Verna alibaki kwenye ukumbi wa nyumba tupu akiwa ameshika sepetu ya theluji waliyoiacha, hajui aiweke wapi.

Mtoto alizaliwa salama Spokane, mikononi mwa daktari asiyemjua. Wa kiume. Verna alikwenda kumwona, akambeba, akalala kwenye kochi la sebuleni kama mgeni, akarudi. Ndivyo ilivyokuwa tangu hapo. Nyumba ya Janelle iliuzwa kwa wastaafu kutoka California, waliohamia kwetu kwa sababu waliipenda siasa ya jimbo letu. Watu wazuri, wachangamfu. Walichomeka bango la Del kabla hawajatundika mapazia, na wakamwuliza Verna kama mji una daktari mzuri.

Kamati ilimwomba atafute mwingine. Alipiga simu mpaka ulimi ukaota sugu. Kila aliyempigia alisikiliza habari za ziwa na milima, akacheka kwa adabu, akauliza jina la jimbo, akaaga. Mpaka akampata mmoja, msichana aliyekuwa anamaliza mafunzo, mtoto wa mkulima wa viazi huko kusini mwa jimbo. Huyu hakuaga. Alitaka kurudi nyumbani, alisema, aliikumbuka Idaho mpaka inamuuma. Aliuliza kuhusu shule, kuhusu nyumba, kuhusu uvuvi. Verna alivuta kiti, akaanza kumwelezea kama zamani, mpaka sauti yake ikarudi.

"Nikuulize swali moja tu, mama," yule msichana alisema. "Hao wanaoniandikia wote wananiambia mambo mazuri. Wewe una mtoto wa kike?"

"Ninaye."

"Anaishi hapo?"

Jikoni kulikuwa na jua la asubuhi. Verna angeweza kusema ndiyo. Angeweza kusema amehama kwa sababu ya kazi ya mumewe, mji ungemshukuru na msichana angekuja. Alifungua mdomo kusema hivyo hasa. Badala yake akamwambia yote, kuanzia chupa ilipopasuka, na moyo uliokuwa bado unapiga, na kanisani, na pai, na viti vilivyokuwa vitupu Boise. Alisema wazi, neno kwa neno, bila kunong'ona, kama ambavyo angesema mbele ya kamati, na hakulia mpaka alipomaliza.

Msichana akasema kwa upole, "Asante mama. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Ningekuja, kweli ningekuja."

Akamuaga kwa heshima, akakata simu.